Bima imekataa kulipa hospitali Marekani: mwongozo wa kukata rufaa hadi mlango wa jimbo

Mwaka 2023 kampuni zinazouza bima za afya kupitia HealthCare.gov, soko la bima la mtandaoni la serikali ya Marekani, zilikataa takribani dai 1 kati ya kila madai 5. Waliopinga hawakufika hata asilimia 1 ya waliokataliwa. Kati ya rufaa hizo chache, kampuni zilishikilia jibu lao kwa asilimia 56. Kwa zilizobaki, karibu 44 kati ya 100, jibu liligeuka. Hesabu hiyo ni ya KFF, shirika la Marekani linalochambua sera za afya, na inaonyesha kwamba pesa nyingi zinapotea kwa sababu watu wanaiweka barua kwenye droo.

Mwongozo huu ni wa anayeishi Marekani akiwa na bima ya kazini au aliyojinunulia mwenyewe. Wenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na Medicare (bima ya serikali hasa kwa wazee) wana njia yao, tumeigusa mwishoni. Siku tunazotaja ni za kalenda: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo.

Usilipe haraka, wala usitupe karatasi

Baada ya matibabu unaweza kupata karatasi za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowaumiza wengi. Ya kwanza ni bili ya hospitali. Ya pili inatoka kwa bima, ina kichwa "Explanation of Benefits" na mahali fulani imeandikwa "This is not a bill". Hiyo ni taarifa tu: hospitali ilidai kiasi gani, bei waliyokubaliana na bima ni ipi, bima imelipa nini, na wewe unabaki na nini. Ya tatu ni barua ya kukataliwa, yenye sababu na maelezo ya haki yako ya rufaa.

Bili ya hospitali isilipwe mpaka kiasi chake kilingane na safu ya mwisho ya ile karatasi ya pili. Zikitofautiana, piga simu ofisi ya malipo ya hospitali, waambie dai liko kwenye rufaa, na uombe akaunti isimamishwe kwa siku 60 bila kupelekwa kwa wakusanya madeni. Wengi hukubali. Andika jina la aliyekujibu, tarehe, saa na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Kama hospitali ni ya aina isiyo ya faida, sheria ya kodi ya Marekani inaikataza kuchukua hatua kali za kudai, kama kukushtaki au kuripoti deni lako, kabla siku 120 hazijapita tangu bili ya kwanza.

Soma sababu, maana kila sababu ina dawa yake

Rufaa ya hasira isiyogusa sababu iliyoandikwa huanguka hata kama mgonjwa ana haki yote. Kwa hiyo tafuta mstari wa sababu kwanza. Karatasi ikiwa na namba tu, pigia bima wakuelezee, au uombe ofisi ya malipo ya hospitali ikusomee jibu walilopewa wao, kwa kuwa lao huwa na misimbo ("codes") inayotumika nchi nzima. Herufi CO mbele ya namba maana yake ni mzigo wa hospitali kwa mujibu wa mkataba wake na bima. Ikiwa hospitali hiyo iko ndani ya mtandao wa bima yako, yaani kundi la hospitali na madaktari wenye mkataba nayo, kiasi hicho hawaruhusiwi kukudai. Herufi PR maana yake ni mzigo wa mgonjwa.

PR 1, kwa mfano, haina cha kukatia rufaa: ni kianzio, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. PR 2 ni asilimia yako na PR 3 ni mchango wa kila ziara. Namba 16 inasema dai limepungukiwa taarifa. Namba 29, limechelewa kuletwa. Namba 197, kibali cha awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma, hakikuombwa. Namba 50, huduma haikuwa na ulazima wa kitabibu. Namba 204, huduma haimo kwenye mkataba wako.

Namba 31 inawaandama sana watu wetu: "mgonjwa hatambuliki kama mwanachama". Juma Hamisi Juma amesajiliwa kazini kwa jina la ukoo Hamisi, hospitalini kwa jina la ukoo Juma, na kompyuta ya bima inaona watu wawili. Aliyezaliwa tarehe 4 Machi akaandika 04/03 anasomwa Aprili 3, kwa sababu Marekani mwezi hutangulia siku. Na wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, hivyo ndugu wawili wenye majina yanayofanana wanaweza kuchanganywa faili. Haya hayahitaji rufaa. Piga picha kadi ya bima pande zote mbili, itume ofisi ya malipo ya hospitali, uwaambie warekebishe jina au tarehe na walipeleke dai upya kama dai lililosahihishwa. Lakini usiache kuhesabu siku za rufaa wakati wanarekebisha.

Kosa jingine linalorekebishwa hospitalini ni la misimbo ya huduma. Chukua kipimo cha utumbo mpana, kolonoskopi. Tangu mwongozo wa kitaifa wa 2021, uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana huanza miaka 45, na bima zinazofuata sheria ya afya ya 2010 (Affordable Care Act) hulazimika kuulipia wote bila mchango wa mgonjwa ukifanyiwa ndani ya mtandao. Mama wa miaka 47 anakwenda kwa uchunguzi tu, hana ugonjwa. Daktari anakuta kinyama kidogo, anakitoa palepale. Dai linaandikwa 45385, kutoa kinyama, badala ya uchunguzi mtupu, na bili inakuja ya mamia ya dola. Kutoa kinyama hicho ni sehemu ya uchunguzi na hakupaswi kulipiwa na mgonjwa. Hospitali inatakiwa kuweka msimbo wa ugonjwa Z12.11 mahali pa kwanza na kuongeza alama 33 kwenye msimbo wa huduma, alama inayosema hii ni kinga. Mwombe anayeshughulikia misimbo, siyo mpokea simu wa kawaida, aangalie vitu hivyo viwili. Vikikosekana, dai lisahihishwe na lirudishwe.

Nani anaisimamia bima yako?

Swali hili linaamua mlango gani utabisha, na watu wengi hulifikia wakiwa wamechelewa. Kadi inaweza kuwa na nembo ya kampuni kubwa ya bima, kumbe pesa ya matibabu inatoka mfukoni mwa mwajiri na kampuni ile inafanya kazi ya ukarani tu. Mpango wa namna hiyo huitwa "self-funded", na kampuni kubwa nyingi ndivyo zinavyofanya. Unasimamiwa na sheria ya shirikisho ya 1974 iitwayo ERISA, chini ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Sheria za bima za jimbo haziugusi.

Kama pesa inatoka kwa kampuni ya bima yenyewe, iwe umeinunua mwenyewe au mwajiri amewanunulia (huu huitwa "fully insured"), jimbo ndilo mwenye mamlaka, na hapo ndipo ulinzi wa mlaji unapokuwa na meno.

Uliza ofisi ya wafanyakazi kazini kwako (HR) swali moja kwa maandishi: mpango wetu ni "self-funded" au "fully insured"? Wakijibu, hifadhi jibu. Kwenye kadi, maneno "administered by" ni dalili ya ukarani. Texas imerahisisha: kadi yenye herufi TDI au DOI ni ya mpango unaosimamiwa na jimbo. Na angalia hili: jimbo linalohusika kwa kawaida ni lile ambako mkataba wa bima ulitolewa. Unafanya kazi Ohio lakini makao makuu ya mwajiri yako jimbo jingine, huenda sheria ya huko ndiyo inayotawala.

Ofisi zenyewe zina majina tofauti. New York ni Department of Financial Services. Maine ni Bureau of Insurance. Minnesota inagawa kazi: bima za kawaida ziko Department of Commerce, na mipango ya HMO, ile ambayo kwa kawaida hulipia ndani ya mtandao wake tu, iko Department of Health. California pia ina ofisi mbili. HMO zote na baadhi ya mipango ya PPO, ile inayoruhusu kutibiwa hata nje ya mtandao, ziko chini ya Department of Managed Health Care, simu 1-888-466-2219, na nyingine chini ya Department of Insurance. Ukibisha mlango usio wako watakuelekeza, ila siku zinakwenda. Kwa mipango ya ERISA, washauri wa Wizara ya Kazi wanapatikana 1-866-444-3272 na msaada wao ni bure.

Kupiga simu kwa Kiswahili

Una haki ya mkalimani bila malipo, kwa bima na kwa hospitali zinazopokea pesa za shirikisho, ambazo ni karibu zote. Mashine ikikujibu kwa Kiingereza, sema "Swahili interpreter" na usubiri. Mtoto wa miaka 14 asitumike kumkalimania mama yake. Kanuni zenyewe zinakataza watoto isipokuwa kwa dharura, na maneno ya mikataba yanamzidi hata mtu mzima. Mkalimani akiwa wa Mombasa na wewe umekulia Bukavu, na mnapishana, omba mwingine. Ni haki, hakuna anayenuniwa. Barua ya rufaa hata hivyo ni bora iende kwa Kiingereza, kwa kuwa atakayeiamua ataisoma kwa haraka na tafsiri mbaya itakugharimu.

Kusanya faili kabla ya kuandika

Omba kwa maandishi kwa bima, bila malipo, faili lote la dai lako: maelezo ya ndani ya waliolikataa, sifa za daktari aliyeshauri, na mwongozo wa kitabibu waliotumia, wenye jina, namba na tarehe yake. Mwongozo huo ndio mtihani. Bila kuuona unajibu maswali usiyoyajua. Omba pia mkataba kamili wa bima, siyo muhtasari wa kurasa chache unaopewa wakati wa kujiandikisha. Kwa mpango wa kazini, msimamizi wa mpango akishindwa kukupa maelezo yake rasmi ndani ya siku 30 tangu uombe kwa maandishi, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa siku. Kulitaja hilo kwa upole mara nyingi hufungua kabati.

Kwa daktari, omba rekodi zako za matibabu. Sheria ya HIPAA, inayohusu rekodi za wagonjwa, inaipa kliniki siku 30 kukupa. Usiridhike na muhtasari wa ziara. Unataka maandishi ya kila ziara, majibu ya vipimo, orodha ya dawa ulizojaribu pamoja na tarehe za kuanza na kuacha, na sababu ya kuacha.

Wakati unasubiri, mwombe daktari aombe mazungumzo ya daktari kwa daktari na bima. Ni simu ya dakika chache, na kwa vibali vilivyokataliwa inaweza kumaliza mambo siku hiyohiyo. Tatizo lake ni muda: bima nyingi huruhusu simu hiyo kwa siku chache tu baada ya kukataa, kwa hiyo usingoje uonane na daktari mwezi ujao. Piga kliniki leo.

Barua yenyewe

Kwa kawaida una siku 180 tangu upokee barua ya kukataliwa kupeleka rufaa ya ndani, yaani kwa bima yenyewe. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda, kisha rudi nyuma wiki tatu, hiyo ndiyo tarehe yako halisi.

Tuseme wamekataa MRI, picha ya ndani ya mwili, ya mgongo sehemu ya kiuno, kwa sababu ya ulazima wa kitabibu. Miongozo mingi ya bima hutaka wiki 6 za matibabu ya kawaida kabla ya picha hiyo, isipokuwa kuna dalili za hatari kama udhaifu wa mguu unaozidi au kushindwa kuzuia mkojo. Barua ya "ninaumia sana na hamtendi haki" haijibu sharti hilo. Barua inayojibu inakwenda hivi, kisha inatafsiriwa:

"Mimi ni mwanachama namba …. Napinga uamuzi wenu wa tarehe … juu ya dai namba …, MRI ya mgongo sehemu ya kiuno. Mmesema huduma haikuwa na ulazima wa kitabibu kwa mujibu wa mwongozo wenu namba …, kifungu ….

Kifungu hicho kinadai wiki 6 za matibabu ya kawaida. Nilihudhuria fiziotherapia mara 11 kati ya Februari 3 na Aprili 4, zaidi ya wiki 8 (kiambatisho B, ukurasa 14 hadi 31). Nilitumia dawa za kupunguza uvimbe kuanzia Januari 20 hadi nilipoacha kwa sababu ya tumbo (kiambatisho C, ukurasa 2). Kifungu kinadai pia dalili za neva ziwe zimepimwa. Tarehe 8 Aprili daktari alirekodi kupungua kwa nguvu za mguu wa kushoto (kiambatisho A, ukurasa 3).

Naomba dai lilipwe kwa kiwango cha ndani ya mtandao. Naomba rufaa isomwe na daktari wa fani ya mifupa au neva ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza wala hayuko chini ya aliyehusika. Ushahidi wowote mpya mtakaoutumia nipewe kabla hamjaamua, nipate nafasi ya kuujibu."

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Kinachobeba uzito ni viambatisho vyenye namba za kurasa, na barua ya daktari. Barua ya daktari yenye mistari miwili, "mgonjwa wangu anahitaji MRI", haina kazi. Mpelekee daktari ule mwongozo wa bima uliopata, umeweka alama kwenye kila sharti, na umwombe ajibu sharti kwa sharti: historia, kilichojaribiwa, kwa nini kilishindwa, nini kitatokea huduma ikikosekana. Bima ikiwa imesema huduma ni ya majaribio, daktari aambatanishe makala za kitabibu na miongozo ya chama cha fani yake. Madaktari hawana muda. Ukimletea rasimu yenye tarehe tayari, utaipata barua wiki hii badala ya mwezi ujao.

Sababu ikiwa kukosa kibali cha awali, mwelekeo hubadilika. Waliotakiwa kukiomba mara nyingi ni kliniki ya ndani ya mtandao, na kosa lao halipaswi kukuangukia wewe. Soma mkataba, nukuu kifungu.

Tuma nakala, kamwe si karatasi halisi. Posta ya Marekani ina huduma ya "Certified Mail" yenye hati ya kupokelewa, ile kadi ya kijani inayorudi na sahihi; lipia hiyo. Au tuma kwa faksi na uhifadhi karatasi ya uthibitisho. Ukipakia kwenye akaunti yako ya mtandaoni, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Ukitaka ndugu au mtu wa jumuiya akushughulikie, jaza fomu ya mwakilishi kwanza, la sivyo hawatazungumza naye.

Muda wa bima kujibu

Huduma ambayo bado hujaipata: siku 30. Huduma uliyokwisha kuipata: siku 60. Ya haraka, ambako kuchelewa kunahatarisha maisha, afya au uwezo wa mwili kurudi hali yake: saa 72, na daktari wako ndiye anayeweza kutamka kuwa ni ya haraka. Katika hali ya haraka unaweza kuomba mapitio ya nje, yaani ya watu wasio wa bima, wakati huohuo, bila kungoja ya ndani iishe. Bima uliyojinunulia ina ngazi moja tu ya rufaa ya ndani. Ya kazini inaweza kuwa na mbili. Kama ni matibabu yanayoendelea, bima haitakiwi kuyakata katikati huku rufaa ikisubiri.

Hapa kuna mtego wa kimyakimya. Ofisi ya malipo inakwambia, "Usijali, tunashughulikia." Rufaa ya hospitali ni ya hospitali, kwa mkataba wake na bima. Haisimamishi siku zako 180. Peleka yako hata kama wao wamepeleka yao. Mtego wa pili ni kuhama nyumba: jibu linakwenda anwani ya zamani, na unahesabiwa kuwa umelipokea.

Mapitio ya nje: mtu asiye wa bima

Bima ikishikilia jibu lake itakutumia barua ya mwisho, mara nyingi yenye maneno "final internal adverse benefit determination". Ihifadhi kama hati ya kiwanja. Sasa dai linaweza kwenda kwa taasisi huru ya mapitio, yenye madaktari wasiolipwa kwa kukubali au kukataa, na uamuzi wao unaifunga bima. Wakisema lipa, inalipa.

Muda wa kawaida wa kuomba ni miezi 4 tangu upate barua ya mwisho. Majimbo mengine ni wakarimu zaidi: Ohio na Washington hutoa siku 180, California na Minnesota miezi 6, Maine miezi 12. Ada haizidi dola 25 popote katika utaratibu wa majimbo, hurudishwa ukishinda na husamehewa kwa asiye na uwezo; California na Texas mgonjwa halipi kitu. Ombi linapelekwa ofisi ya jimbo katika maeneo mengi, lakini Ohio linapelekwa kwa bima yenyewe, ambayo inatakiwa kulisukuma mbele. Pennsylvania ilikuwa chini ya utaratibu wa shirikisho mpaka ilipoanzisha wa kwake Januari 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya jimbo hilo yamepitwa na wakati. Mipango ya ERISA nayo ina mapitio ya nje, kwa utaratibu wa shirikisho. Anwani iko ndani ya barua ya mwisho.

Kinachopokelewa ni mabishano ya kitabibu: ulazima, mahali pa kutibiwa, kiwango cha huduma, huduma kuitwa ya majaribio. Pia kufutiwa bima kwa kurudi nyuma. Kisichopokelewa kwa kawaida ni jambo la mkataba mtupu, kama huduma ya meno ambayo bima haikuuza kamwe. Bima inapokuandikia kuwa suala lako ni la mkataba, lisome mara mbili: "haimo kwenye mkataba kwa kuwa si lazima kitabibu" bado ni suala la kitabibu.

Ambatanisha kila kitu mwanzoni, pamoja na ushahidi mpya uliopatikana baada ya rufaa ya ndani. Jibu huja ndani ya siku 45, au saa 72 kwa ya haraka. Bima ikivunja taratibu zake, kwa mfano ikapitisha siku bila kujibu, sheria kwa jumla inakuchukulia kuwa umemaliza rufaa ya ndani na unaweza kuruka hadi hapa. California haikulazimishi kungoja zaidi ya siku 30 za malalamiko ya ndani, na huduma ikiwa imekataliwa kwa kuitwa ya majaribio unaweza kwenda moja kwa moja.

Ofisi ya bima ya jimbo ina milango miwili na watu huchanganya. Malalamiko huangalia kama kampuni imefuata sheria: imejibu kwa wakati, imetoa sababu, imetoa faili. Mapitio ya nje huangalia tiba. Unaweza kutumia yote mawili, ila malalamiko hayasimamishi saa ya mapitio. Kuna mtu analalamika Juni, anasubiri barua nzuri ya kamishna hadi Novemba, anakuta miezi 4 imeisha.

Dharura na bili za kushtukiza

Bima haitakiwi kukataa dharura kwa kuangalia ugonjwa uliogundulika mwishoni. Kipimo ni dalili ambazo mtu wa kawaida mwenye akili timamu angeziona kuwa hatari. Maumivu ya kifua yaliyokuja kuwa kiungulia bado yalikuwa maumivu ya kifua saa nane usiku. Andika dalili, muda, na alichosema nesi wa simu kama ulimpigia.

Tangu Januari 1, 2022, No Surprises Act inazuia chumba cha dharura nje ya mtandao, au daktari wa usingizi usiyemchagua ndani ya hospitali ya mtandao, kukudai tofauti ya bei. Namba ya msaada ni 1-800-985-3059. Ambulensi ya barabarani haimo kwenye sheria hiyo. Baadhi ya majimbo yana yao.

Ukishindwa

Inabaki mahakama, na kwa mpango wa ERISA jaji kwa kawaida huangalia yaliyokuwemo kwenye faili wakati wa rufaa tu. Ripoti uliyoisahau nyumbani haitasomwa. Ndiyo maana ya kujaza faili mapema. Kwa upande wa deni, hospitali isiyo ya faida inakupa siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba msaada wa kifedha, hata kama bima ipo.

Medicaid na Medicare

Mwenye Medicaid kupitia kampuni ya mpango ana siku 60 tangu tarehe iliyo kwenye barua kukata rufaa kwa mpango, kisha siku kati ya 90 na 120, kutegemea jimbo, kuomba kusikilizwa na jimbo. Huduma uliyokuwa unapata ikikatwa na unataka iendelee wakati wa rufaa, omba hivyo ndani ya siku 10 tangu barua itumwe au kabla ya siku ya kukatwa, ile inayokuja baadaye. Ukishindwa, unaweza kudaiwa gharama ya huduma hiyo. Medicare ya kawaida ina siku 120 kwa ngazi ya kwanza, na Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, siku 65 tangu tarehe ya barua.